Moshi wa Piti na Mbao za Pipa: Namna ya Kuzitenganisha Ladha za Single Malt

Mteja akinusa wiski ya Islay, kisiwa cha Uskoti, mbele ya kaunta yangu, mara nyingi husema: "Hili pipa lake limeungua kwelikweli." Hapo huweka kitambaa pembeni na kuanza kueleza, kwa sababu moshi ule haukutoka kwenye pipa. Uliingia kwenye shayiri ilipokaushwa kwa moto wa piti, udongo wa kinamasi unaochomwa kama kuni, kabla hata tone la kileo halijapatikana. Pipa lilikuja baadaye na kuleta mambo yake mengine kabisa: vanila, nazi, zabibu kavu, mdalasini, na ule ukakasi unaokausha ufizi. Ukishaijua njia ambayo kila ladha imepitia, unaweza kukaa na glasi moja ukasema hili limetoka tanurini, hili mtamboni, hili kwenye mbao. Ustadi huo haupatikani kwa kusoma maelezo ya nyuma ya chupa. Unapatikana kwa kuweka glasi mbili kando kwa kando, zilizofanana kwa karibu kila kitu isipokuwa jambo moja.

Nazungumzia single malt ya Uskoti. Kanuni za wiski za huko za mwaka 2009 zinataka itoke kwenye kiwanda kimoja, itengenezwe kwa kimea cha shayiri, maji na hamira peke yake, ikenekwe kwenye mitambo yenye umbo la chungu, ambayo kwa desturi ni ya shaba, kisha ilale hukohuko Uskoti ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3. Nguvu yake chupani isiwe chini ya asilimia 40. Kinachoruhusiwa kuongezwa zaidi ya maji ni rangi ya karameli tu. Kubana huku kwa sheria ni neema kwa mwonjaji. Hakuna viungo, hakuna sukari, hakuna manukato ya kutia. Chochote unachokinusa kimetokana na nafaka, hamira, moto, shaba au mbao.

Kabla ya kumimina

Tafuta glasi mbili za aina moja, zenye tumbo pana na mdomo uliobana. Glasi ya mdomo wazi huachia harufu ikapotea. Mimina kidogo, mililita 15 hadi 20 zinatosha kabisa. Weka pembeni maji yasiyo na harufu ya klorini, pamoja na kijiko cha chai. Usijipulizie manukato siku hiyo, wala usije ukiwa umetoka kula pilipili.

Iache wiski itulie dakika kama kumi. Kisha ilete puani polepole, midomo ikiwa imeachana kidogo, uvute pumzi kwa pua na kinywa kwa pamoja. Ukifunga mdomo, kileo hukuchoma puani na kwa muda hutanusa kingine. Vuta, shusha glasi, subiri, vuta tena. Mvuto wa kwanza haunipi taarifa za maana. Naanza kuamini wa tatu.

Na siku zote anza na glasi isiyo na moshi. Moshi ukitangulia ulimini, wiski ya upole inayofuata haitasikika. Hili sikubali kulegeza hata mteja akiwa na haraka.

Jozi ya kwanza: mbao peke yake

Jozi hii isiwe na moshi. Chukua Glenmorangie Original, ambayo hukomazwa kwenye mapipa yaliyowahi kubeba bourbon, wiski ya Marekani, na pembeni yake Glenfarclas 15, ya mapipa ya sheri, divai ya Hispania. Anza na Glenmorangie. Utapata vanila, machungwa, asali, labda pichi. Ni ladha nyepesi na angavu. Ukihamia Glenfarclas, chumba kinabadilika: zabibu kavu, tende, njugu, mdalasini, keki nzito ya matunda.

Sasa tuseme kwa nini. Sheria ya Marekani inataka bourbon iwekwe kwenye vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani. Kwa hiyo pipa likishatumika mara moja, mtengenezaji wa bourbon halihitaji tena kwa bourbon, na mengi huuzwa Uskoti. Ni mapipa ya lita 200 hivi, ya mwaloni mweupe wa Marekani. Ule moto wa ndani haukuwa wa kupamba. Joto huvunja lignini, kile kinachoipa mbao ugumu, na hapo ndipo vanila inapozaliwa. Huvunja pia sukari zilizofungika kwenye mbao zikageuka karameli. Mwaloni wa Marekani una laktoni kwa wingi, na hizo ndizo zinazoleta nazi. Tabaka la mkaa lililobaki ndani hufanya kazi nyingine ya kimyakimya: hunyonya harufu za kiberiti zilizo kwenye spiriti changa, yaani kileo kilichotoka mtamboni na bado hakijakomaa. Pipa, basi, halitoi tu. Linachukua pia.

Sheri hutoka eneo la Jerez, Hispania. Zamani divai hiyo ilisafirishwa hadi Uingereza ndani ya mapipa, ikatiwa kwenye chupa hukohuko, na mapipa matupu yakaishia kwa watu wa wiski. Biashara hiyo ilikoma katika miaka ya 1980, sheri ilipoanza kutiwa kwenye chupa Hispania kwenyewe. Tangu hapo viwanda vya wiski huagiza mapipa yatengenezwe na kujazwa sheri kwa makusudi, kwa kawaida mwaka mmoja na nusu hadi miwili au zaidi, ili mbao zilowe vizuri. Mengi hutengenezwa kwa mwaloni wa Ulaya, ambao una tanini, kile kinacholeta ukakasi, nyingi kuliko wa Marekani. Lakini yapo mapipa ya sheri ya mwaloni wa Marekani pia, ndiyo maana wiski mbili zenye neno sheri kwenye lebo zinaweza kuachana sana.

Ili kutenganisha kilicholetwa na divai na kilicholetwa na mbao, fanya hivi. Meza, kisha pitisha ulimi juu ya ufizi wa mbele. Utamu wa zabibu na tende unaokaa katikati ya ulimi ni kazi ya sheri iliyolowa ndani ya mbao. Ule ukavu unaovuta ufizi, mithili ya chai ya rangi iliyokolea, ni tanini ya mwaloni. Ukipata ukavu mwingi bila utamu, mbao zimezidi nguvu. Mimi wiski za namna hiyo siziheshimu hata zikiwa na umri mkubwa. Umri haumfidii mtu kwa kutafuna ubao.

Jambo linaloamua zaidi, na wateja wengi hawaliulizi, ni pipa limejazwa wiski mara ngapi. Ukiona kwenye lebo First Fill, maana yake baada ya kubeba bourbon au sheri pipa hilo limejazwa wiski ya Uskoti kwa mara ya kwanza, na mbao bado zina mengi ya kutoa. Refill ni pipa lililokwisha kubeba wiski. Hutoa kidogo, na kwa hiyo huacha tabia ya spiriti ionekane. Wapo wanaodharau mapipa haya. Mimi nayapenda sana kwa wiski yenye moshi, na sababu yake utaiona tukifika kwenye Lagavulin na Caol Ila, wiski mbili za Islay.

Ukubwa nao una hesabu yake. Butt ya sheri hubeba lita 500 hivi, hogshead 250, pipa la bourbon 200, na quarter cask 125. Pipa likiwa dogo, kila lita ya wiski hugusa mbao nyingi zaidi, na ladha ya mbao huingia haraka. Laphroaig Quarter Cask ilijengwa juu ya hesabu hiyo: wiski iliyokwisha kukaa kwenye mapipa ya bourbon huhamishiwa kwenye hayo madogo imalizie. Ukiionja baada ya Laphroaig 10 utaona nazi na vanila vimepanda.

Kuhamisha wiski kutoka pipa moja hadi jingine ili imalizie ni mbinu ya siku nyingi sasa, na jina linalohusishwa nayo ni la David Stewart wa kiwanda cha Balvenie. Balvenie DoubleWood 12 hukaa kwanza kwenye mapipa ya mwaloni wa Marekani, kisha miezi 9 kwenye mapipa ya sheri ya mwaloni wa Ulaya. Katika glasi, ladha ya pipa la kumalizia hutangulia puani na huwahi kuondoka kinywani. Ile ya pipa la mwanzo hukaa chini na kudumu. Sikiliza mpangilio huo na utaanza kutambua wiski zilizohamishwa hata kabla hujasoma lebo.

Muda wenyewe una mkono wake pia. Spiriti mpya huwa nyeupe kama maji, na mara nyingi huingizwa pipani ikiwa na nguvu ya asilimia 63.5. Ghala likipata joto, wiski hutanuka na kuingia ndani ya mbao. Likipoa, hurudi na ilichokichuma. Hewa nayo hupenya polepole na kulainisha makali. Kila mwaka asilimia 2 hivi hupotea kwa mvuke, hilo wanaloliita fungu la malaika, na kwa hali ya hewa ya Uskoti, yenye baridi na unyevu, nguvu ya kileo hushuka kadiri miaka inavyokwenda.

Jozi ya pili: moshi unaingia

Kwa jozi hii hakuna kiwanda kinachonifaa kuliko Bruichladdich, kwenye kisiwa cha Islay. Kati ya wiski zake nachukua mbili, The Classic Laddie isiyo na moshi na Port Charlotte 10 yenye moshi mzito. Mitambo ni ileile, na zote mbili hutiwa chupani zikiwa na nguvu ya asilimia 50. Mapipa yao hayafanani moja kwa moja, ila yanakaribiana vya kutosha. Onja Laddie kwanza: shayiri mbichi, maua, limau, chumvi kidogo. Kisha Port Charlotte. Vuta pumzi taratibu, na badala ya kusema moshi ukaishia hapo, jiulize ni moshi wa nini. Majivu baridi? Masizi? Nyama ya kukaushwa motoni? Lami? Ukisha kuutaja, tafuta chini yake ile limau na ile shayiri uliyoikuta kwenye Laddie. Ipo. Moshi umeifunika tu.

Piti ni udongo mweusi wa kinamasi, uliotokana na mimea iliyokufa ikazama kwenye maji yasiyo na hewa bila kuoza sawasawa. Hujijenga kwa kama milimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo kipande kimoja kinachotupwa tanurini kimebeba karne nyingi. Hukatwa kwa koleo, kikaanikwa, kikawa kuni. Uskoti ina maeneo ambayo miti ni adimu na piti ni tele, na watu walikausha kimea kwa kile walichokuwa nacho.

Ili kupata kimea, shayiri hulowekwa na kuachwa ichipue, kisha uchipuaji hukatizwa kwa joto la tanuri. Moshi wa piti huelekezwa kwenye nafaka mwanzoni, ikiwa bado na unyevu. Aliyewahi kuanika nguo mbichi karibu na jiko la kuni anajua jinsi moshi unavyoing'ang'ania. Na shayiri ni vivyo hivyo. Ikishakauka, moshi hauishiki tena sawasawa, na kinachoendelea ni hewa ya moto tu. Kwa hiyo ukali wa moshi ni suala la saa. Kiwanda cha Springbank, mjini Campbeltown, kinalionyesha hili vizuri kuliko maelezo yangu yote. Kimea cha wiski yake ya Springbank hupewa saa 6 za moshi wa piti na saa 24 za hewa ya moto. Cha Longrow hufukizwa kwa piti hadi saa 48. Cha Hazelburn hakipewi moshi kabisa: hewa ya moto kwa saa 30. Jengo moja, wiski tatu.

Kilichomo ndani ya moshi na kushika nafaka ni familia ya fenoli. Guayakoli ndiyo inayonukia kuni na moshi mtamu. Kresoli ndizo za lami na dawa ya kusafishia vidonda, ile harufu ya Laphroaig ambayo wengine huikimbia na wengine hawataki nyingine. Na piti haifanani kila mahali, kwa sababu mimea haifanani. Highland Park, kule visiwa vya Orkney, hukata piti yake kwenye kinamasi cha Hobbister, ambacho kimejaa mabaki ya heather, kichaka kifupi cha maua ya zambarau, na karibu hakuna mti. Moshi wake hunukia maua na asali iliyoungua. Mtu aliyezoea Laphroaig anaweza kuinywa asijue kama ina piti.

Kuna imani moja ninayokutana nayo kila mara, kwamba moshi hutoka kwenye maji ya Islay, kwa vile mito ya kule ina rangi ya kahawia ya piti. Hapana. Maji hayo hayajachomwa. Bunnahabhain ipo Islay na Bunnahabhain 12 haina moshi. Ardmore ipo bara na moshi inao. Kinachohesabika ni tanuri la kimea.

Ile namba ya fenoli

Utaona watu wakibishana kwa namba: Ardbeg 55, Lagavulin 35, Bowmore 25, na Octomore ya Bruichladdich, ambayo toleo lake la 8.3 lilifika 309. Ni sehemu za fenoli kwa kila milioni, na zinapimwa kwenye kimea kabla ya kusagwa. Kuanzia hapo hadi chupani, fenoli nyingi hupotea: nyingine hubaki kwenye makapi ya nafaka, nyingine hukatwa mtamboni, nyingine hupungua pipani. Namba inakueleza moshi ulioingia tanurini. Haikuelezi utakaoukuta kwenye glasi.

Jozi ya tatu ndiyo ushahidi. Lagavulin 16 na Caol Ila 12, zote zina nguvu ya asilimia 43, zote hutumia kimea kinachotengenezwa Port Ellen, hukohuko Islay, chenye fenoli za 35 hivi. Zionje kando kwa kando uone kama utaamini. Caol Ila ni safi, ina limau, mafuta kidogo, moshi unaopita kama upepo wa pwani. Lagavulin ni nzito, moshi wake umejaa kinywa, una utamu wa chai nyeusi na tunda lililokaushwa. Kimea kimoja, watoto wawili wasiofanana.

Tofauti kubwa imefanyika mtamboni. Spiriti inapotoka, anayeendesha mtambo huigawa sehemu tatu: kichwa, moyo na mkia, na ni moyo peke yake unaoingia pipani. Fenoli nzito hazina haraka. Huja kwa wingi kadiri moyo unavyokaribia mkia. Anayekata mapema hupata moshi mwepesi na matunda. Anayechelewa kukata hupata lami na dawa. Umbo la mtambo nalo lina neno. Mvuke unaopata nafasi kubwa ya kugusa shaba hurudisha chini vitu vizito, na spiriti hutoka nyepesi. Ardbeg ina bomba maalumu kwenye mtambo wake linalorudisha mvuke mzito ukapikwe upya, na ndiyo maana wiski yenye namba 55 inaweza kuwa na utamu wa matunda kiasi kile.

Na hapa ndipo ninapoyapenda yale mapipa yaliyokwisha tumika. Caol Ila ingetiwa kwenye sheri nzito, ule usafi wake usingeonekana. Pipa lililochoka kidogo linaiacha izungumze.

Jozi ya nne: moshi na mbao vinapokutana

Ardbeg 10 hutegemea mapipa ya bourbon na ina asilimia 46. Ardbeg Uigeadail huchanganya wiski ya mapipa ya bourbon na ya sheri, na ina asilimia 54.2. Kwanza punguza Uigeadail kwa maji kidogo, la sivyo utakuwa unalinganisha nguvu badala ya ladha. Kisha nenda na kurudi kati ya hizo mbili.

Utagundua kwamba moshi wa Ardbeg 10 unaonekana mkali zaidi, wa limau na masizi, wakati kiwanda ni kilekile na moshi wa kimea ni uleule. Kwenye Uigeadail, utamu wa sheri umeuzunguka moshi na kuugeuza: majivu yamekuwa nyama ya kuchoma yenye sukari iliyoungua, lami imekuwa kahawa. Mbao hazikuondoa moshi. Zimeuvisha. Ukilishika hili, umeshashika sehemu kubwa ya elimu ya wiski yenye piti.

Miaka nayo inafanya kazi upande huohuo. Moshi haurudi kuongezwa pipani. Ulioingia na spiriti ndio huo huo, na kila mwaka hulainika, huku mbao zikiendelea kutoa. Wiski changa ya piti hukupiga usoni. Yenye miaka 25 moshi wake huwa umekaa nyuma ya matunda. Kwa hiyo anayetaka moshi mkali asilipie umri. Anunue changa iliyotengenezwa vizuri.

Jihadhari na mitego miwili. Mbao zilizochomwa sana hutoa guayakoli kidogo zenyewe, na eugenoli ya karafuu, kwa hiyo wiski isiyo na piti inaweza kunukia moshi hafifu. Moshi wa mbao ni mtamu, wa mkate uliobabuka, na hukosa kabisa ile dawa na lami. Mtego wa pili ni wiski isiyo na piti iliyomalizia kwenye pipa lililobeba wiski ya Islay. Hapo kweli moshi umetoka kwenye pipa, na utautambua kwa sababu huwa juujuu: unausikia puani, lakini ukimeza unakuta haukuwa na mizizi.

Maji, viganja na glasi tupu

Watu huona haya kutia maji. Wasione. Mwaka 2017 watafiti Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walichapisha kazi waliyoifanya kwa kompyuta wakiangalia guayakoli inavyojipanga ndani ya mchanganyiko wa maji na kileo. Nguvu ikiwa kama asilimia 45 au chini, guayakoli hukaa karibu na uso wa kinywaji, pale pua inapoikuta. Nguvu ikizidi 59, huzama ndani. Tia nusu kijiko cha chai, nusa, ongeza nusu nyingine. Katika wiski yenye nguvu sana, kuna hatua ambayo moshi hufunguka ghafla. Simama hapo.

Viganja navyo ni chombo. Dondosha matone mawili, sugua mikono, kisha ifunike pua. Kileo hupaa kwanza. Baada yake huja nafaka, iliyo kama uji au biskuti. Mwisho hubaki moshi na mbao, na hapo ni rahisi kuona kipi kina nguvu.

Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni glasi tupu. Usiioshe usiku. Iache mezani, uinuse asubuhi. Kileo kimeondoka, matunda mepesi yameondoka, na kilichobaki kwenye kuta za glasi ni vile vitu vizito tu: majivu ya piti, vanila ya mwaloni, mdalasini. Wiski ya mapipa mazuri ya bourbon huacha harufu ya ubao safi na sukari guru. Ya piti huacha jiko lililozimwa. Na ile yenye vyote viwili huacha vyote viwili, kila kimoja mahali pake, bila kelele.

Unaposimama mbele ya rafu

Rangi isikuongoze. Karameli inaruhusiwa, na wiski ya kahawia iliyoiva inaweza kuwa imepakwa. Tafuta maneno Natural Colour. Kwenye chupa zinazouzwa Ujerumani, rangi ikitiwa lazima iandikwe. Umri ulioandikwa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo, hata kama nyingine ni kongwe mara mbili. Nguvu ya asilimia 46 kwenda juu na maneno Non Chill-Filtered ni dalili nzuri, kwa sababu mafuta yanayobeba ladha hayakuchujwa kwa baridi. Wiski hiyo ukiitia maji inaweza kuingia ukungu, na hilo si kasoro.

Ukipata lebo isiyosema lolote kuhusu pipa, muulize muuzaji maswali kwa mpangilio huu: kimea kilifukizwa piti au la, pipa lilibeba nini kabla, na limejazwa mara ngapi. Akijibu la kwanza tu, bado una kazi ya kuifanya mwenyewe kwa pua.

Chupa yenye piti ikishafunguliwa na kushuka chini ya nusu, hewa iliyomo huanza kuula moshi. Hamishia iliyobaki kwenye chupa ndogo iliyojaa hadi shingoni, uiweke wima na mbali na jua. Halafu mwombe mtu akumiminie jozi ya tatu bila kukuambia ipi ni ipi, uanze upya na glasi ambayo pua yako inasema ni Caol Ila.